Nyasi Kavu za Sungura: Kuchagua Hei katika Hewa ya Kaole

Kaole ni kijiji kilichoko kilomita tano hivi kusini ya mji wa Bagamoyo, kwenye ufuko wa Bahari ya Hindi. Wageni wengi hufika huko ili kutazama magofu: misikiti miwili ya mawe ya matumbawe na makaburi yenye nguzo, mabaki ya mji wa kale ambao bandari yake hatimaye ilizibwa na matope na mikoko. Ni wachache miongoni mwao wanaozitupia jicho nyasi zilizoko nje ya magofu hayo, chini ya minazi na miembe, ambazo baada ya masika hufika kiunoni mwa mtu mzima, na kabla ya mwaka kwisha huwa zimegeuka mabua ya rangi ya kahawia. Nyasi hizo ndizo habari ya makala haya, pamoja na mnyama mdogo ambaye afya yake huzitegemea kuliko wanavyodhani wengi wanaomfuga, yaani sungura wa nyumbani.

Kijana wa pwani anayefuga sungura wawili katika kizimba kilichowekwa chini ya mwembe, kwa kawaida huwalisha kile kinachopatikana jikoni: majani ya kabichi, maganda ya viazi vitamu, konzi ya pumba za mahindi, na karoti siku ambayo fedha zipo. Akibahatika kupata kitabu kilichoandikwa Ulaya au Marekani, husoma humo kwamba chakula cha kwanza cha sungura ni hei, yaani nyasi zilizokatwa mbichi na kukaushwa ili ziwekwe akiba, na kwamba hei bora ni ya nyasi ziitwazo timothi, Phleum pratense kwa jina la kisayansi. Timothi ni nyasi za nchi za baridi. Haziwezi kustawi Bagamoyo. Basi kijana huyo hufunga kitabu, akaona kwamba hei ni anasa ya ugenini, na kuzirudia pumba zake. Hitimisho hilo ni kosa, na ni kosa linaloua sungura.

Kitabu kilisema kweli kuhusu hei. Kuhusu timothi hakikumfaa. Sungura hajui jina la nyasi. Anachohitaji ni nyasi zenye nyuzinyuzi ndefu, zilizokatwa katika umri unaofaa, zikakaushwa upesi, na zikabaki kavu hadi siku ya kuliwa. Masharti matatu ya kwanza hutimizika Kaole bila taabu kubwa. La nne ndilo lenye kazi, kwa kuwa pwani adui wa hei ni hewa yenyewe.

Meno, tumbo na nyuzinyuzi

Ifahamike kwanza kwamba sungura anayezungumzwa hapa siye yule mjanja wa hadithi. Sungura wa hadithi za Afrika ya Mashariki, ambaye pwani huitwa pia kitungule, ni wa jenasi Lepus: huishi juu ya ardhi, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi. Sungura wa kizimbani ni Oryctolagus cuniculus, mchimba mashimo mwenye asili ya Rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Hata hivyo wote wawili ni wa oda moja, Lagomofa, na wote wawili ni wala nyasi. Kwa muda mrefu wanasayansi waliwaweka kundi moja na panya. Mwaka 1912 Mmarekani J. W. Gidley alipendekeza watengewe oda yao wenyewe. Alama mojawapo ya oda hiyo ni jozi ya pili ya meno madogo ya mbele, iliyojificha nyuma ya ile kubwa katika taya la juu. Mwalimu mwenye fuvu la sungura katika maabara yake anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hilo kwa dakika moja.

Meno ya sungura, ambayo jumla yake ni 28, hukua maisha yake yote. Yale ya mbele hukua milimita mbili hivi kwa juma. Kinachoyazuia yasipite kiasi ni kusagana: mnyama anapotafuna chakula kigumu kwa saa nyingi za siku, taya lake huenda upande kwa upande na jino hulisugua jino. Chembe za silika zilizomo katika nyasi husaidia kazi hiyo. Sungura anayelishwa pumba hushiba baada ya dakika chache za kutafuna, na magego yake, ambayo mfugaji hayaoni, huota ncha zinazochoma ulimi na mashavu. Siku moja huacha kula. Mfugaji husema ameugua ghafla, kumbe ugonjwa ulianza miezi kadhaa iliyopita.

Habari ya tumbo ni ya ajabu zaidi. Sungura hana tumbo la vyumba vinne kama ng'ombe au mbuzi. Kazi ya kuzichachusha nyasi hufanyika nyuma, katika mfuko mkubwa wa utumbo ambao wanabiolojia huuita sekamu, nao huchukua karibu asilimia 40 ya ujazo wa njia yote ya chakula. Humo wamo bakteria kwa mamilioni. Lakini si kila kitu huruhusiwa kukaa humo. Mwanzoni mwa utumbo mpana chakula huchujwa: vipande vikubwa vya nyuzinyuzi husukumwa mbele na kutoka upesi kama vile vidonge vikavu vya mviringo vinavyojulikana na kila mfugaji, chembe ndogo na maji hurudishwa nyuma katika sekamu. Mazao ya uchachushaji huo, yenye protini na vitamini za kundi B, hutoka baadaye, mara nyingi usiku au alfajiri, kama vishada vya vinyesi laini ambavyo sungura huvila pale pale vinapotoka. Daktari wa mifugo wa Kifaransa, Charles Morot, aliieleza tabia hiyo mwaka 1882. Mfugaji akiamka na kuviona vishada hivyo vimetapakaa kizimbani bila kuliwa, mara nyingi ni dalili kwamba chakula kina wanga mwingi mno na nyuzinyuzi chache.

Katika mpango huu nyuzinyuzi ndefu, ambazo sungura mwenyewe hazimeng'enyi vizuri, ndizo zinazoufanya utumbo uendelee kwenda. Zikikosekana, utumbo hupunguza mwendo. Wanga wa pumba au wa ugali hufika katika sekamu na kuwalisha bakteria wasiotakiwa, miongoni mwao wale wa jenasi Clostridium wanaotoa sumu. Gesi hujaa, na sungura, ambaye hana uwezo wa kutapika, huweza kufa katika siku moja au mbili. Ndiyo sababu wataalamu wa lishe hutaka nyuzinyuzi ziwe asilimia 20 hivi au zaidi ya chakula cha sungura aliyekomaa. Pumba hazifiki hapo. Nyasi kavu hupita hapo kwa urahisi.

Umri wa nyasi

Nyasi changa ni maji, sukari na protini. Nyasi zilizokomaa ni selulosi iliyoshikamanishwa na lignini, ile dutu inayoupa mti ugumu wake. Kati ya hali hizo mbili kuna siku chache ambazo nyasi zina majani ya kutosha na nyuzinyuzi za kutosha, na siku hizo huanza pale shuke linapochomoza kutoka katika ala yake. Likishachanua na kuanza kukomaza mbegu, mmea huhamishia mali yake katika mbegu, shina huwa gumu, na kinachobaki kwa mlaji ni kuni nyembamba.

Katika nchi za baridi mkulima anaweza kungoja juma zima bila hasara kubwa. Kaole hawezi, na sababu yake imo ndani ya jani. Mwaka 1966 M. D. Hatch na C. R. Slack, waliokuwa wakifanya kazi Brisbane nchini Australia, walieleza njia ya pekee ya usanisinuru inayofuatwa na muwa, njia ambayo baadaye ilidhihirika katika nyasi nyingi za nchi za joto. Katika njia hiyo kaboni hukamatwa kwanza katika kampaundi yenye atomi nne za kaboni badala ya tatu, na kazi hugawanywa baina ya seli za kawaida za jani na zile zinazozunguka mishipa yake. Faida kwa mmea ni kukua haraka katika jua kali. Hasara kwa mlaji ni kwamba seli zinazozunguka mishipa zina kuta nene. Kwa hiyo jani la nyasi za joto huwa na nyuzinyuzi nyingi na protini pungufu kuliko jani la timothi la umri ule ule.

Kwa ng'ombe wa maziwa hiyo ni kasoro, na vitabu vya malisho huilalamikia sana. Kwa sungura aliyekomaa, anayeshinda kizimbani bila kazi yoyote, ni heri, mradi nyasi zisiachwe hadi zikawa kuni. Jambo hili linastahili kutiliwa mkazo, kwa sababu wengi hudhani kwamba hei ya pwani ni badala hafifu ya hei ya Ulaya. Kwa mnyama huyu sivyo.

Nyasi zipatikanazo

Kaole haina uhaba wa nyasi. Zile ndefu zinazoota kwa mafungu chini ya minazi, ambako kivuli si kizito, mara nyingi ni Panicum maximum, ambazo wataalamu wa mimea wa siku hizi huziita Megathyrsus maximus. Ni nyasi za asili ya Afrika zilizosambazwa hadi Amerika na Asia, nazo hutoa hei nzuri zikikatwa kabla hazijapita kimo cha kiuno. Kasoro yake ni unene wa shina, ambalo hubaki na maji wakati jani limekwisha kukauka. Cenchrus ciliaris, zenye mashuke ya manyoya mfano wa mkia wa mnyama, zina shina jembamba zaidi na hustahimili ukame. Ukoka, ambao kila mtu anaujua kwa kutambaa kwake viwanjani na njiani, una jani laini na shina kama uzi. Hukauka upesi na sungura huupenda, ila mavuno yake ni haba, na asiye na subira ya kukata kidogo kidogo atachoka nao.

Anayependa kununua hana haja ya kuagiza mbali. Katika Mkoa huo huo wa Pwani, huko Vikuge wilayani Kibaha, liko shamba la serikali la mbegu za malisho. Nyasi za Rhodes, Chloris gayana, ambazo hulimwa kwa wingi Afrika ya Mashariki kwa ajili ya hei, zina majani mengi na mashina membamba, na robota lake likiwa la rangi ya kijani ni chakula bora kabisa cha sungura.

Lakini kinachopatikana kwa urahisi zaidi si hei. Ni mabua ya mpunga, ambao hulimwa katika bonde la Ruvu. Mabua ni mashina yaliyobaki baada ya nafaka kukomaa na kuvunwa. Protini yake ni asilimia nne hivi tu, ilhali hei nzuri huwa na mara mbili ya hiyo au zaidi. Yanafaa sana kutandikwa kizimbani, na sungura akiyatafuna hayamdhuru. Kumlisha hayo peke yake ni kumfunga njaa huku hori lake limejaa.

Nyasi fupi ngumu zinazoota kwenye tambarare za chumvi nyuma ya mikoko, hasa Sporobolus virginicus, nazo ziachwe mahali pake. Mmea huo hujitoa chumvi kupitia tezi ndogo zilizoko juu ya majani. Anayelamba jani lake ataionja. Hei yake, pamoja na ugumu wake, huvuta maji hewani kwa sababu ya chumvi hiyo, na hivyo haikauki ikabaki kavu.

Kuhusu mimea ya jamii ya kunde, tahadhari ni mbili. Lusini, inayosifiwa kwa ng'ombe, ina kalsiamu nyingi. Wanyama wengi hufyonza kalsiamu kadiri ya haja ya mwili. Sungura hufyonza karibu yote aliyopewa na kuitoa iliyozidi katika mkojo, na ikiwa nyingi mno huganda kama tope katika kibofu. Lusini ni ya watoto wanaokua na majike wanaonyonyesha. Nao mlusina, ule mti wa Leucaena ulioenea mno pwani, una mimosini, sumu inayosababisha manyoya kunyonyoka. Majani yake machache hayana neno, lakini si chakula cha kila siku.

Magugu yatolewe kabla ya nyasi kukatwa, maana yakishakauka pamoja nazo si rahisi kuyatambua. Mbarika na mnanaha ndiyo ya kutafutwa kwanza. Katika habari ya mnanaha kuna jambo la kuwavutia wanafunzi wa jenetikia: baadhi ya sungura, si wote, huzaliwa na kimeng'enya katika damu kinachovunja atropini, moja ya sumu za mmea huo, na huweza kula kiasi ambacho kingewaua wanyama wengine. Sifa hiyo hurithiwa. Lakini hakuna awezaye kujua kwa kumtazama kama sungura wake ni wa ukoo huo, kwa hiyo mnanaha ung'olewe.

Kukata na kukausha

Pwani ya Bagamoyo hupata mvua kati ya milimita 800 na 1,200 hivi kwa mwaka, nyingi katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, na nyingine katika vuli, Oktoba hadi Desemba. Nafasi za kukausha nyasi kwa hiyo ni mbili. Ya kwanza ni Juni na Julai, wakati wa kusi, ambapo ardhi bado ina maji na nyasi zingali na majani, lakini mvua zimepungua. Ya pili ni Januari na Februari, baina ya vuli na masika, ambapo jua ni kali na siku zilizobaki ni za kuhesabu.

Nyasi hukatwa kwa mundu baada ya umande kukauka, si alfajiri. Hutandazwa juu ya majamvi au turubai, kwa tabaka jembamba, na kugeuzwa mara mbili au tatu kwa siku. Jua la siku ya kwanza ni la lazima, kwa kuwa jani lililokatwa huendelea kupumua na kuchoma sukari yake mpaka maji yapungue. Baada ya hapo ni afadhali nyasi zihamishiwe kivulini penye upepo, kama vile chini ya paa la makuti lisilo na kuta. Jua kali la siku nyingi huharibu karotini, ambayo mwili wa sungura huigeuza vitamini A, na dalili yake ni kupauka kwa rangi ya kijani. Jioni, kabla ya umande, nyasi hukusanywa na kufunikwa. Kuzigeuza kwa pupa wakati zimekwisha kukauka hupukutisha majani, nayo majani ndiyo sehemu yenye thamani.

Hesabu yake ni ya kidato cha kwanza. Nyasi mbichi zina maji asilimia 80 hivi. Katika kilo 100 za nyasi hizo, vitu vikavu ni kilo 20. Hei ya kuweka akiba haipasi kuwa na maji zaidi ya asilimia 15. Kwa hiyo zile kilo 20 ni asilimia 85 ya uzito wake mpya, na uzito huo ni kilo 23 na nusu. Mvunaji anayepima na kuona kwamba kilo zake 100 zimekuwa 30 ajue kwamba bado kuna maji ya kuondoa, hata kama mkono unamwambia zimekauka.

Akiba ya masika

Sungura wawili wa kilo mbili na nusu kila mmoja, wakila kwa makadirio gramu 100 za hei kwa siku kila mmoja, watahitaji kilo 18 hivi kwa miezi mitatu ya masika. Hizo ni nyasi mbichi zisizopungua kilo 76, kazi ya asubuhi chache kwa vijana wawili. Kwa kufunga, wafugaji wa Afrika ya Mashariki hutumia sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kimo cha 45. Kamba hutandikwa kwanza, nyasi hujazwa na kukanyagwa, kamba hufungwa, na sanduku huinuliwa. Robota moja la sanduku hilo huwa na kilo 20 hivi. Robota moja, basi, linatosha.

Taabu ni kwamba robota hilo, lililokatwa Februari katika jua, linapaswa kuishi hadi Mei katika hewa ambayo asubuhi nyingi hukaribia kujaa mvuke kabisa. Nyasi kavu huvuta maji kama chumvi inavyovuta. Hei iliyowekwa ghalani ikiwa na maji asilimia 12 haibaki hivyo kwa sababu tu haikunyeshewa; hubadilishana mvuke na hewa inayoizunguka mpaka ziwe sawa, na katika hewa ya Aprili usawa huo uko juu ya mpaka wa usalama. Ghala la mabati lisilovuja halitoshi. Gunia la katani halizuii chochote.

Kuvu huanza pale maji yanapopita asilimia 15, na yakifika 20 huenea kwa kasi. Kuvu na bakteria hupumua, kupumua huleta joto, na robota lililofungwa likiwa na maji huweza kuwa moto katikati. Nyasi zilizopata joto hilo hugeuka kahawia na kunuka kama tumbaku au sukari iliyoungua. Hilo ni tokeo la mmenyuko wa sukari na protini uliochunguzwa na Louis Camille Maillard mwaka 1912, ule ule unaoipa mikate ganda lake la kahawia. Katika mkate ni ladha; katika hei ni protini iliyopotea. Nazo kuvu za jenasi Aspergillus huweza kutoa sumukuvu, iliyoua watu mikoani Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, na sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika kwa kiasi kidogo sana cha sumu hiyo.

Kwa mfugaji wa robota moja dawa ni rahisi: pipa la plastiki au ndoo kubwa zenye vifuniko vinavyobana. Hei iingizwe mchana wa jua, ikiwa imekauka kweli kweli, na itolewe ya siku tatu tu kwa mara moja. Sharti la kukauka lisipuuzwe, maana hei yenye maji ikifungiwa ndani ya plastiki huoza upesi kuliko iliyoachwa wazi. Asiye na pipa aweke robota juu ya uchaga, mbali na sakafu na mbali na ukuta, na alitoe juani kila mchana wa anga safi. Turubai lisizungushwe kwa kubana, kwa kuwa hutoa jasho usiku.

Kuipima hei

Macho huanza. Rangi iwe ya kijani, hata kijani kilichofifia. Majani yawe mengi kuliko mashina. Mashuke yasiwe yamekomaza mbegu. Mkono hufuata: shina likikunjwa livunjike kwa sauti, lisipindike kama kamba. Harufu ya hei nzuri ni tamu kidogo na ya shamba. Hapa lakini mpimaji ajihadhari. Mwaka 1932 daktari J. M. Campbell alieleza Uingereza ugonjwa wa mapafu ya wakulima waliofanya kazi na hei iliyoota kuvu, na vumbi lile lile lipo katika kila robota lililoharibika. Basi fungu likung'utwe kwanza nje, upande unakokwenda upepo. Likitoa vumbi jeupe au la kijivu hakuna haja ya kulinusa. Litupwe kwenye mbolea, wala lisianikwe upya kwa matumaini ya kuliokoa. Jua hukausha kuvu, haliondoi sumu yake.

Kipimo cha uhakika zaidi ni cha chupa na chumvi. Chumvi safi ya mezani hukaangwa katika kikaango kikavu mpaka ikauke, ikaachwa ipoe ndani ya chombo chenye kifuniko. Vijiko viwili vyake hutiwa katika chupa ya kioo iliyo kavu, yenye mdomo mpana, pamoja na hei iliyokatwakatwa ya kujaza theluthi moja ya chupa. Kifuniko hukazwa, chupa hutikiswa kwa dakika kadhaa, kisha huachwa itulie robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, hei ina maji zaidi ya asilimia 15. Sababu ni kwamba kloridi ya sodiamu huanza kuvuta maji pale hewa inapofikia asilimia 75 ya mvuke inaoweza kuubeba, na hei yenye maji asilimia 15 hivi huifikisha hewa ya chupa karibu na mpaka huo huo. Chumvi ghafi kutoka mabwawa ya pwani haifai kwa kazi hii, ingawa ndiyo rahisi kupatikana Bagamoyo: ina kloridi ya magnesiamu, ambayo huvuta maji hata katika hewa kavu ya asilimia 33, na kwa hiyo itamtia hatiani kila mfugaji.

Shule yenye mizani inaweza kwenda mbali zaidi. Sampuli moja ya hei hukaushwa katika joto la digrii 100 mpaka uzito wake usipungue tena. Kinachopungua ndicho maji yaliyokuwamo. Tuseme imeonekana kuwa ni asilimia 12. Mafungu matatu ya gramu 100 kutoka robota lile lile huwekwa mwanzoni mwa Machi: moja katika mfuko wa katani, la pili katika mfuko wa sandarusi uliofungwa kwa kamba, la tatu katika ndoo yenye kifuniko cha kubana. Yote hupimwa kila Jumatatu hadi mwisho wa Mei. Kila fungu lina gramu 88 za vitu vikavu, na hizo hazibadiliki maadamu kuvu hazijaanza. Fungu likifika gramu 103 na nusu, limegusa mpaka wa asilimia 15. Likifika gramu 110, theluthi ya njia baina ya nyasi na mbolea imekwisha kupitwa, kwa kuwa gramu 22 katika hizo ni maji, yaani asilimia 20, na la katani ndilo la kufunguliwa kwanza, nje ya darasa, pua ikiwa imefunikwa.